DOLA HAINA DINI, INA MASLAHI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nawasimulia kosa langu mwenyewe. Kuna Ijumaa nilipanda mimbari hapa Lushoto nikasema: mkoloni alikuja na msalaba, sisi Waislamu tukawa wa kuonewa tu. Watu wakaitikia kwa takbira. Baada ya swala mzee mmoja akanishika mkono, akaniketisha barazani. Akasema, "Shehe, babu yangu alikimbilia msituni kwa sababu ya kadi ya Mjerumani. Aliyemtafuta nyumbani kwake alikuwa akida. Naye alikuwa akisali kama wewe."

Nilinyamaza. Nyumbani kwetu tumekuwa tukijisifu kwamba baba yake babu alikuwa karani wa akida, mtu wa kanzu na kalamu. Sikuwahi kujiuliza kalamu ile iliandika nini.

Basi tuitazame historia kwa uadilifu. Mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri walianza kazi Mlalo. Mwaka 1895 serikali ilimnyonga Mputa, mtawala wa Kikilindi. Kuanzia 1907 ukaja mpango wa kadi: kila mwanamume Msambaa afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne, asipofanya akamatwe kwa kazi za serikali.

Serikali hiyo hiyo iliwatumia maakida, wengi wao Waislamu waliojua kusoma na kuandika Kiswahili. Shule yake ya Tanga haikufundisha dini, na watoto wa Kiislamu walisoma humo. Wamisionari wakalalamika kwamba serikali inaubeba Uislamu. Lakini mwaka 1908, barua iliyodaiwa kutoka Makka ilipoenea pwani, serikali ikashtuka, na Uislamu ukaanza kutazamwa kama hatari.

Umeona, ndugu yangu? Dola haikuwa na rafiki kanisani wala msikitini. Ilihitaji karani, ikamtafuta anayejua kuandika. Ilihitaji vibarua wa mashamba, ikawatoa vijijini kwa nguvu. Dini ya mtu aliiangalia pale tu ilipomfaa au ilipomtia hofu.

Sisemi maakida wote walikuwa madhalimu, wala kwamba misheni haikuwa na mkono katika ukoloni. Nasema kanzu haimsafishi dhalimu, na msalaba haumfanyi kila aliyeuvaa kuwa adui. Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha kusimamia uadilifu hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Nilikuwa nikiisoma aya hii nikiwafikiria wengine. Siku ile barazani niliisoma nikimfikiria baba yake babu yangu.

Huku milimani ukoo mmoja una Waislamu na Walutheri. Tunazikana na tunaozana. Kijana anayesambaza maneno ya "wao walitudhulumu" aulize kwanza nyumbani kwake: sisi tulikuwa upande gani?

Ijumaa iliyofuata nilirudi mimbarini nikajisahihisha. Mara hii hakuna aliyepiga takbira. Mzee yule alikaa safu ya mbele, ameinamisha kichwa.

Ewe Mola, tuoneshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, hata inapotuuma. Amin.