Nguvu Zilizopotea Ndani ya Gari Kuukuu

Wanaonisoma wamenizoea katika mambo ya bajeti, serikali za mitaa na stahiki za watumishi wa umma. Leo naandika juu ya gari. Sioni kama nimetoka nje ya mada, maana fedha inayotumika humo ni mshahara uleule tunaoutetea kila Mei Mosi.

Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa ni mtumishi wa halmashauri mojawapo katika mkoa wetu wa Ruvuma, alinijia ofisini na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa makadirio ya gereji moja: shilingi milioni 9 na laki 4, kwa ajili ya kung'oa injini ya Toyota Altezza yake na kupachika injini ya mtumba yenye tabo, yaani ile feni inayoshindilia hewa ndani ya silinda. Ya pili ilikuwa fomu ya mkopo, na mstari wa mdhamini ulikuwa bado mtupu. "Shikamoo Dokta. Nimekuja unishike mkono," alisema. Mkopo ule ungekatwa kwa miaka minne, na makato yake yangemsukuma hadi ukingoni mwa ile theluthi moja ya mshahara ambayo kanuni zinataka ibaki mkononi mwa mtumishi. Ana mke, na mtoto wa miezi saba. Nilimwambia kalamu yangu haina haraka. Anipe wiki sita, na badala ya karatasi aniletee gari.

Si kwamba simwelewi. Huu ni mwaka wa tisa naendesha Altezza ya aina hiyohiyo, na najua kinachomvuta. Gari hili lilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005 chini ya mhandisi Nobuaki Katayama, nalo lilitawazwa Gari la Mwaka huko Japani mara tu lilipotoka. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, bodi yake ni fupi, na lina gia sita za mkono. Lipo la silinda nne, injini ya 3S-GE, lenye nguvu ya farasi 210. Na lipo la silinda sita, injini ya 1G-FE, lenye farasi 160. La kwangu na la kijana yule ni haya ya silinda sita. Ukubwa wa injini ni sentimita za ujazo 1,988, chini kidogo tu ya ule mpaka wa 2,000 ambao ukiuvuka ushuru wa bidhaa hupanda. Hata hivyo mwagizaji hulipa ushuru wa forodha asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, na juu yake ushuru wa uchakavu, kwa kosa la kununua kile ambacho mshahara wake unakimudu. Mtu aliyekwisha kulipa yote hayo ana haki ya kutaka gari lake limpe kile kilichoandikwa vitabuni.

Tatizo ni kwamba wale farasi 160 walihesabiwa kwa hewa ya pwani. Songea ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa hiyo injini ileile iliyokuwa na farasi 160 bandarini Dar es Salaam, hapa Bombambili ina kama 143, hata ikiwa nzima kabisa. Hiyo ndiyo hoja pekee ya maana ya kutaka tabo katika mji huu: hurudisha ile hewa ambayo mwinuko umeipunguza. Nasema ni hoja ya maana, lakini haijibu swali la kijana yule, kwa sababu gari lake halikuwa hata na hao 143.

Tulilipima Jumapili asubuhi kwenye barabara ya Njombe, nje kabisa ya makazi, katika mpando mmoja ulionyooka. Gia ya tatu, kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, saa ya simu ikiwa mkononi mwa abiria. Gari langu lilitumia sekunde 10. La kwake, la mwaka mmoja na langu, lilitumia sekunde 14. Kijana alinyamaza. Alikuwa tayari kuingia katika deni la miaka minne ili kununua nguvu mpya, ilhali hajui za zamani ziko wapi.

Nikampeleka kwa fundi wangu. Ni mtu wa rika langu, aliyesomea VETA hapahapa Songea, na ana tabia moja ninayoiheshimu: hafungui kitu kabla hajapima. Kwanza alipima mgandamizo wa kila silinda. Zote sita zilisomeka karibu sawa, akasema, "Bwana mdogo, injini yako haina ugonjwa. Imedhulumiwa tu."

Dhuluma zenyewe zilikuwa nyingi, na zote zilitendwa na watu waliolipwa. Themostati haikuwepo. Hili ni gonjwa la gereji nyingi za Afrika Mashariki: gari likichemka mara moja, fundi huing'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Ajaribu kusema hivyo hapa Songea alfajiri ya mwezi wa saba! Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, kompyuta yake hudhani bado ni asubuhi, nayo huendelea kumimina petroli ya kuamshia injini hata baada ya nusu saa ya safari. Mwenye gari hulalamikia bei za EWURA, kumbe lita nyingine anazipoteza mwenyewe.

Plagi zilikuwa sita, za aina mbili tofauti, na mbili kati yake zilikuwa bandia. Bomba la kuvuta hewa ya nje kutoka mbele ya gari lilikuwa limeondolewa, na mahali pake kumewekwa kichujio cha wazi chenye rangi nyekundu, kile kinachouzwa kama cha magari ya mashindano. Kichujio hicho huvuta hewa ya moto inayotoka kwenye injini yenyewe, na hewa ya moto ni nyepesi. Basi kijana alikuwa amenunua mwinuko mwingine juu ya ule wa Songea. Isitoshe, vumbi la njia zetu hupenya humo na kusaga kuta za silinda taratibu. Mkanda wa taimingi ulikuwa umeruka jino moja. Sensa ya oksijeni ilikuwa imekufa. Na breki ya gurudumu la nyuma kulia ilikuwa imekwama nusu, gari linasukumwa huku likizuiwa.

Hiyo breki ndiyo iliyonikaa kichwani zaidi ya mengine. Nimekaa katika vikao vingi vya mipango, na sikumbuki kikao kilichofurahia pendekezo la kulegeza kilichokwama. Jengo jipya lina jiwe la msingi na utepe wa kukatwa. Pampu ya maji iliyotengenezwa haina. Hata ile tozo inayokatwa katika kila lita ya petroli kwa ajili ya Mfuko wa Barabara ilibidi iwekewe sheria, kwa kuwa bila sheria fedha ya matengenezo huwa ya kwanza kuhamishwa. Barabara yetu ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza miaka ya 1980, ingetoa ushahidi mzuri mbele ya kamati yoyote. Lakini nirudi gereji.

Kazi ilichukua siku tatu. Plagi sita halisi ziligharimu 168,000, sensa 140,000, mkanda 120,000. Themostati na kichujio cha kawaida havikufika laki moja vikiwa pamoja. Bomba la hewa lilipatikana kwenye gari bovu lililokuwa limeegeshwa nyuma ya gereji. Jumla, ufundi ukiwamo, ilikuwa shilingi 648,000. Jumapili iliyofuata tulirudi kwenye mpando uleule: sekunde 10 na nusu. Matumizi ya mafuta yalipungua pia, na kwa mtu anayekwenda kazini kila siku kwa gari hilo, punguzo hilo ni sehemu ya mshahara. Ile fomu ya mkopo sijaiona tena.

Hata hivyo, kijana ni kijana. Aliendelea kuulizia tabo. Fundi alimweleza bila kumkejeli. Injini ile inagandamiza mchanganyiko wake mara 10, kiwango kilichowekwa kwa hewa inayoingia yenyewe. Ukiishindilia hewa bila kubadili mgawo wa petroli, bila kurekebisha wakati wa cheche, na bila kipozeo cha hewa, mchanganyiko hulipuka kabla ya saa yake, na injini itanoki ndani ya majuma. Kufanya yote hayo sawasawa kunarudisha hesabu kwenye mamilioni. Na aliyebadilisha injini nzima atambue kuwa namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo TRA na kampuni ya bima nao wana la kuuliza. Chupa za dawa ya kuongeza okteni zinazopangwa madukani nazo hazimsaidii: injini ya 1G-FE iliundwa kutumia petroli ya kawaida ya Japani, na okteni ya ziada ndani yake haiongezi farasi hata mmoja.

Katika makadirio ya ile gereji ya kwanza kulikuwa na mstari mmoja uliosema "kuondoa masega: bure". Masega ni kile chombo cha kusafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi, chenye vitundu mithili ya sega la nyuki. Vijana huambiwa kwamba kinabana injini. Kikiziba kwa uzee, kweli hubana, na fundi mwenye geji hulijua hilo kwa dakika kumi kwa kupima msukumo wa moshi kupitia tundu la sensa. La kijana lilikuwa zima. Kwa nini basi kuliondoa kuwe bure, katika gereji ambayo hata kujaza upepo ni pesa? Kwa sababu ndani ya vile vitundu mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye thamani kubwa, na wapo wanunuzi wanaozunguka kuyakusanya. Mwenye gari huondoka na kelele akidhani ni nguvu, fundi hubaki na madini, na mtoto wa miezi saba anayebembelezwa uani wakati gari linapashwa moto hubaki na kaboni monoksidi. Halmashauri zetu zina maafisa mazingira. Ningependa kusikia ni lini mmoja wao alipita gereji kuuliza habari ya masega.

Wanafunzi wangu husema nawakatisha tamaa, eti wenye kasi ni wenye fedha. Huwajibu kwa mfano wa hapahapa Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 yalishindwa na ndugu wawili, Joginder na Jaswant Singh, kwa Volvo PV544: gari lenye umbo lililobuniwa miaka ya 1940, ambalo mwaka huohuo kiwanda kilikuwa kinaacha kulitengeneza, na lile lao lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Joginder, mzaliwa wa Kericho, alianza maisha kama fundi wa gereji. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akizishinda timu za viwanda zilizokuja na magari yenye nguvu kuliko lake. Alijua kila nati ya gari analoliendesha.

Fedha ambazo kijana hakukopa zimebaki kuwa ndoto, lakini akiba ya miezi mitatu ilitosha kwa kazi iliyobaki, ambayo mimi ningeitanguliza kuliko plagi. Miteremko ya Lukumburu haiulizi farasi wako ni wangapi. Mafuta ya breki hufyonza unyevu mwaka hadi mwaka, na yakishiba maji huchemka katika mteremko mrefu, pedali ikazama bila kushika chochote. Yake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Yalibadilishwa pamoja na pedi za mbele na shokapu mbili.

Kisha tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Zile za nyuma, ambazo ndizo zinazolisukuma gari hili, alizinunua kama mtumba wa hali ya juu, zenye kashata nzuri bado. Zilisomeka 1109, yaani juma la 11 la mwaka 2009. Fundi alizing'oa bila hata kumuuliza mwenyewe, akazitoboa kwa bisibisi ili asije mtu mwingine akauziwa.