Wimbi la Naivasha lapikwa Makadara

Mkazi wa Makadara akikwambia anatafuta wimbi, bila shaka utadhani anazungumzia redio. Huku kwetu maji ni ya mtungi. Mto Ngong unaopita Viwandani haufai hata kuoshea miguu, na lile Bwawa la Nairobi lililojengwa 1953 juu ya mto huo huo, ambako zamani watu walishindana kwa mashua za tanga, limesongwa na taka na magugu maji.

Hata hivyo, katika gereji moja karibu na Barabara ya Jogoo ipo mashua ya futi 16, imekaa juu ya trela baina ya matatu mbili mbovu. Fundi na wenzake watatu waliinunua kuukuu kwa mkopo wa chama. Nia yao ni kuipeleka Ziwa Naivasha, wanafunzi na familia walipe wapate kusimama juu ya ubao na kuteleza kwenye wimbi la mashua bila kushika kamba. Mtoto wa kaka yangu anajifunza kazi kwa fundi huyo, ndiyo maana nayajua haya.

Mashua yenyewe haina pangaboi la nje. Injini huzungusha impela ndani ya bomba, maji yakanyonywa chini ya tumbo la mashua na kurushwa nyuma kwa kishindo. Mtambo wa namna hii uliendelezwa na William Hamilton wa New Zealand mnamo 1954, akitaka chombo cha kupita mito yenye mawe na maji haba. Anayeteleza huwa mita tatu hivi nyuma ya mashua, na akianguka hakuna visu vinavyozunguka pale. Ukialikwa kuteleza hivyo nyuma ya mashua yenye injini ya kuning'inia, kataa, hata ikiwa ni bure.

Shida ni kwamba mashua hii ni nyepesi mno, na wimbi haliletwi na mbio bali na uzito. Ukikanyaga mafuta sana, mashua huinuka ikapaa juu ya maji na wimbi likalala. Inatakiwa iende kilomita 16 hadi 19 kwa saa, tumbo likiwa limezama, ilime maji kama trekta. Ndipo inapoingia farumi, yaani uzito unaowekwa chomboni makusudi. Ng'ambo hutumia mifuko maalum ya maji. Fundi wetu ametafuta mitungi ya lita 20, kila mmoja ukijaa ni kilo 20. Nani asiyekuwa na mitungi Eastlands?

Mingi huwekwa tezini, upande anakoteleza mtu. Anayetanguliza mguu wa kushoto huteleza upande wa kushoto. Michache husogezwa omoni ili pua isielekee mbinguni. (Shuleni tulikariri ile methali ya kuenda tezi na omo, marejeo ngamani, tukapata alama zetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona tezi.) Upande wa pili, nyuma, fundi atafunga kipande cha plastiki alichokichonga mwenyewe, ili maji ya huko yachelewe kukutana na ya huku na wimbi lipate uso laini.

Nilimwomba tupige hesabu. Kibati cha mashua kinaruhusu kilo 340. Dereva, mwangalizi na mtelezaji ni kama kilo 220, kwa hiyo mitungi ni sita, wala si kumi alivyotaka. Tena ifungwe barabara, maana mashua ikilala upande na mitungi ikateleza, itapinduka. Naivasha nayo iko karibu mita 1,890 juu ya bahari, na hewa nyembamba huipunguzia injini karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Fundi anatafuta impela nyingine iliyo nyepesi kuzungusha. Magugu maji ya ziwa hilo pia huziba mdomo wa bomba, na hayaondolewi kabla injini kuzimwa. Kamba ya kuanzia irudishwe chomboni upesi, la sivyo itamezwa. Na asiwepo wa kukaa ukingoni nyuma injini ikinguruma, kwani moshi wake una gesi isiyo na harufu iuayo.

Kilichotugombanisha ni jambo lingine. "Shangazi, mimi ndiye nitakayelijaribu wimbi," kijana aliniambia akitabasamu. Mamaye hakutabasamu. "Wifi, huyu ameoga kwa karai maisha yake yote. Ziwa amelijulia wapi?"

Fundi alisema jaketi la kujiokoa latosha. Namwelewa, mkopo wa chama haungoji. Lakini jaketi huelesha mwili tu, halimtulizi mwenye hofu. Isitoshe, mashua hii ukiachilia mafuta hupoteza usukani, ikaendelea kwenda ilikoelekea. Dereva mwenye papara akirudi kumwokoa anayepiga kelele anaweza kumgonga. Nilisimama na wifi yangu, na kijana alininunia siku mbili.

Tuliafikiana hivi: asiguse ubao kabla ya kuogelea mita 50 bila kushika ukingo. Fundi akichoka kungoja, atafute mtelezaji mwingine ajuaye maji. Sasa kila Jumamosi kijana huenda kwenye bwawa la kuogelea la Kasarani. Wiki jana alifika mita 20, akanywa maji, akatoka akidai yana chumvi.