Kiti Kilichonirudisha Kwenye Piano

Nilipoacha kupiga piano, wengi parokiani walidhani nimeichoka kwaya. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi tena kukaa. Kabla wimbo wa matoleo haujaisha, maumivu yalianza chini ya shingo, yakashuka begani, yakafika kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nikirudi nyumbani nilishindwa kukamua nguo wala kusonga ugali, na usiku vidole vilikufa ganzi. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wenzangu wanaopiga kwa uchungu kila Jumapili bila kusema neno.

Mimi ni mfupi wa kimo, na piano haikui wala haipungui: vibonye vyake viko zaidi ya sentimita 70 kutoka sakafuni, hata akae nani. Nilikalia kiti cha plastiki, kama wapigaji wote waliotangulia. Hapo viwiko vilikuwa chini ya vibonye, kwa hiyo mabega yalipanda ili mikono ifike. Tulipoongeza mto, ulididimia. Tulipoweka ubao juu ya kiti, mikono ilikaa vizuri lakini miguu ikaning'inia. Mgongo ukapinda, na uzito wa kiwiliwili ukaiangukia mikono ileile iliyotakiwa kuwa huru.

Watu walinihurumia kwa namna walivyojua. Mama mmoja wa sauti ya pili aliniletea mafuta ya kuchua. Wengine waliniombea, nami nawashukuru. Wengi walinikumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu. Nilivumilia mpaka mkono ukakataa. Dawa za maumivu zilinipa nafuu, lakini nikirudi kwenye kile kiti, hali ilikuwa ileile. Nikakaa benchi la waumini kwa muda mrefu, nikiisikiliza kwaya ikiimba bila piano. Wakati huo roho iliniuma kuliko bega.

Msaada ulitoka kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Hakuanza na mkono. Aliniambia, "Dada, hebu kaa hapa mezani kwangu, upige kama unavyopiga kanisani." Nikapiga juu ya mbao. Alinitazama kitambo, kisha akaweka viganja juu ya mabega yangu na kuyashusha taratibu. Akanieleza kwamba bega lililoinuliwa huifanyisha misuli ya shingo kazi bila mapumziko, na kwamba kifundo kikipinda, kano zinazoendesha vidole hupita mahali pembamba zikisuguana. Sikuambiwa niache muziki. Niliambiwa nikapime.

Vipimo vyenyewe kila mtu anaweza kuvichukua. Kaa kwenye nusu ya mbele ya kiti kigumu, uzito ukigawanyika kati ya mifupa miwili ya makalio na nyayo. Acha mikono ining'inie, kisha kunja viwiko: kigasha kiwe sawa na vibonye, au juu kidogo. Halafu kunja ngumi, nyoosha mikono mbele. Ziguse ubao ulio nyuma ya vibonye bila wewe kuinama. Ukilazimika kuinama, sogea karibu.

Fundi seremala wa mtaani alinitengenezea benchi kwa vipimo hivyo, pamoja na ubao wa miguu, mnene kiasi cha kisigino kutulia na vidole kuifikia pedali.

Baadaye nilisoma mambo yaliyonitia nguvu. Mtunzi Mfaransa François Couperin, katika kitabu chake cha mwaka 1716 kuhusu upigaji wa hapsikodi, kinanda cha zamani, alishauri vijana wawekewe kitu chini ya miguu, kinachobadilishwa kadiri wanavyokua, ili mwili ukae kwa uwiano. Mpiga piano Glenn Gould wa Kanada alihitaji kinyume cha hitaji langu: mwaka 1953 baba yake alimpunguzia miguu ya kiti cha kukunja hadi akawa anakaa sentimita 35 tu kutoka sakafuni, na kiti hicho alikitumia mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo hakuna urefu mmoja mtakatifu. Kuna mwili wako, mikono yako, na kiti kinachovifaa.

Uponyaji ulikuja polepole. Nilianza na mazoezi mafupi, nikiondoa mikono kwenye vibonye na kupumzika kabla uchungu haujaanza. Niliporudi kanisani niliomba nipige wimbo wa mwanzo tu. Jumapili zilizofuata nikaongeza. Leo napiga Misa nzima. Mazoezi marefu ya Pasaka bado hunichosha bega, lakini sasa najua la kufanya: nasimama, naushusha mkono, nakaa upya.

Sasa nafundisha watoto, na hakuna anayegusa kibonye kabla sijamweka sawa kwenye kiti. Kwenu viongozi wa parokia na shule, ombi langu ni hili: mkinunua kinanda, nunueni na kiti kinachopandishwa na kushushwa, au mwiteni fundi. Na wewe unayeumia, usidhani umepungukiwa imani au bidii. Mwambie mwalimu wako, mwone mtaalamu mapema, na upime kiti chako. Uvumilivu wako uutunze kwa ajili ya muziki wenyewe. Muziki ndio unaoustahili.