Mahali pa Always

Vielezi vya marudio vya Kiingereza, yaani always, usually, often, sometimes, rarely, never na wenzao, vina kiti chao: kabla ya kitenzi kikuu, lakini baada ya be. Kukiwa na kitenzi kisaidizi, hukaa kati yake na kitenzi kikuu. Mwandishi wa makala haya, aliyefundisha Kiingereza shule ya msingi Majengo, mjini Meru, enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya (1985 hadi 2023), alisahihisha kosa la kuviweka pasipo pake kwa wino mwekundu miaka mingi bila kujiuliza linatoka wapi.

Jibu lilikuwa ndani ya daftari moja: “My mother use to sell always bananas in Gakoromone.” Mama mwenyewe alikuwa katika soko hilo la Gakoromone asubuhi ileile. Mtoto alifikiri “mama huuza ndizi”, na hu- imebeba mazoea yote ndani ya kitenzi. Akiitafuta hu- katika Kiingereza akaokota use to, ingawa used to husimulia jambo lililokwisha. “Siku zote” nayo, ambayo Kiswahili huiacha itembee, ikaangukia popote.

Tangu hapo dawa ikawa vipande vya katoni. Watoto watatu husimama mbele ya ubao: she, sells, bananas. Wa nne, mwenye always, hupita akitafuta pa kusimama huku darasa likimzomea, mpaka ajibanze kati ya she na sells. Sells ikipisha is, na bananas ikipisha late, always huvuka hatua moja: she is always late.

Never ina ukaidi wake. “Kamwe” hudai kitenzi kikanushi, “haji kamwe”, hivyo “he doesn't never come” ni kosa la mtu anayeijua vizuri lugha yake. Never tayari ni ukanushi. Huandikwa he never comes.

Katika insha ya KCPE, ya dakika 40 na alama 40, watahiniwa walipenda kufungua kwa “Never have I seen”. Ni sahihi: never, rarely na seldom zikitangulizwa, kitenzi kisaidizi hukitangulia kiima. Moja yatosha, tatu katika ukurasa ni manukato ya arusini. Usually na sometimes huanza sentensi bila kupindua chochote. Always haianzi, isipokuwa katika amri: Always wash your hands.

Na sometimes ni neno moja, lenye s mwishoni. Sometime ni neno jingine.