Jina Limebaki, Lugha Inaondoka

Kijiji kinapoingizwa mjini, lugha yake haipigwi marufuku. Hupokonywa kazi tu, kidogo kidogo, hadi ibaki kama jembe kuukuu lililoegemezwa ukutani.

Ndugu wasomaji, ninaandika kutoka Kimandolu, kata ya Jiji la Arusha. Zamani upande huu wa Mlima Meru ulikuwa migomba na kahawa ya Waarusha, watu wanaosema lugha ya Maa, ambayo mama yangu alinilea kwayo. Arusha ilitangazwa kuwa jiji. Tofauti ya kijiji na mtaa si ya kibao tu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi yake. Mtaa hauna mamlaka hayo. Mahali ambapo wazee hawaulizwi tena mpaka wa shamba uko wapi, maneno ya mipaka, mifereji na malisho hukosa wa kuyatamka.

Huko Ufini, mwaka 2010, wilaya ndogo ya Liljendal, ambako wengi husema Kiswidi, iliunganishwa na mji wa Loviisa. Hofu ilikuwa ileile, lakini sheria yao huhesabu wasemaji: lugha ya wachache ikifikia asilimia 8 ya wakazi, au watu 3,000, halmashauri hulazimika kuhudumia kwa lugha zote mbili. Sisi tulichagua njia nyingine. Tangu sensa ya 1967 hatujaulizana kabila, kwa ajili ya umoja. Mimi niliyefundisha Kiswahili maisha yangu yote siwezi kuubeza uamuzi huo, umetupa taifa. Ila umoja haukutudai tusahau.

Tazameni majina. Ngarenaro, inayotajwa na kila kondakta, ni maji meusi. Olorien ni mzeituni wa porini. Ngare Nanyuki ni maji mekundu. Wajukuu wangu huyatamka kila siku kama namba za simu.

Basi nina ombi dogo, lisilohitaji bajeti wala kikao cha madiwani. Mwalimu wa Kiswidi hatumhitaji; tunamhitaji bibi aliye jirani. Muulizeni jina la mtaa wenu lina maana gani, kisha liandikeni daftarini, kwa Kiswahili fasaha. Lugha kubwa hupata heshima inapoihifadhi ndogo iliyoipisha njia.