Sindano ya Mzee

Siku niliyodhani nimeokoa pesa ndiyo siku nilikaribia kumwacha baba yangu bila dawa kwa miezi miwili.

Mzee ana saratani ya tezi dume. Hudungwa goserelini kila wiki 12, na bei ya sindano moja inaweza kumeza kodi ya keja yangu na bado isishibe. Nilikuwa nimezunguka maduka ya dawa mawili mjini. La tatu wakanitajia bei iliyonifanya niulize tena. Nikalipa haraka kabla wabadilishe nia, nikapanda matatu nikijiona mjanja. Kwetu mimi ndiye yule aliyeacha chuo mwaka wa tatu. Mtu kama huyo hupenda sana kurudi nyumbani na habari njema.

Pale kliniki sista alichukua boksi, akalisoma, kisha akanigeuzia.

"Soma hapa, kijana."

Iliandikwa 3.6 mg.

"Mzee hutumia ya 10.8. Hiyo ndiyo ya wiki 12. Hii uliyoleta ni ya siku 28. Jina ni moja, kazi ni moja, lakini muda si mmoja."

Mimi hulipwa kuandika. Kusoma ndiyo job yangu. Na sikuwa nimesoma boksi.

Sista hakunigombeza. Alimpigia daktari simu, wakakubaliana mzee adungwe hiyo ya mwezi, kisha akaandika tarehe mpya kwenye kadi na kuizungushia duara. Asingeangalia, tungerudi baada ya wiki 12 kama kawaida, na kwa wiki nane kati ya hizo mzee angekuwa anatembea akidhani amekingwa.

Saratani ya aina hii hulishwa na testosteroni. Charles Huggins alionyesha hivyo huko Marekani mwaka wa 1941: ukiishusha homoni hiyo, ugonjwa unapungua nguvu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1966. Ndiyo maana mzee alipewa njia mbili. Moja ni operesheni ya kutoa korodani, mara moja, basi. Ya pili ni sindano, tarehe baada ya tarehe. Kwa homoni, zote mbili hufika mahali pamoja. Mzee alichagua sindano kabla daktari amalize kueleza.

Dawa yenyewe ina ujanja wake. Inaiga ishara ambayo ubongo hutuma kuamrisha homoni itengenezwe. Inapiga hodi bila kupumzika, mpaka mlango unachoka kuitikia. Lakini kabla ya kuchoka, mlango hufunguka wazi kwanza: kwa siku za mwanzo testosteroni hupanda. Ndiyo maana mzee alianzishiwa vidonge vya kuizuia kabla ya sindano ya kwanza, na tukaonywa kuhusu wiki hizo. Akipata maumivu mapya ya mgongo, miguu ikilegea, au mkojo ukikataa kutoka, msingoje asubuhi. Kimbieni hospitali.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyaandika kwa simu. Nilichokuwa sijui mzee aliniambia tukirudi nyumbani, kwenye kiti cha nyuma cha matatu, muziki ukiwa juu.

"Hata sista asingeona, mimi singelalamika," alisema. "Ningepumzika kidogo."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Saa tisa usiku naamka nimelowa kama mtu amenimwagia maji. Mama yako ananipa taulo. Ananiambia hata yeye alipitia hayo akifika umri fulani." Akanyamaza. "Kifua kinauma. Nguvu hakuna. Na mimi na mama yako siku hizi tunalala kama kaka na dada."

Hayo si maneno ambayo mtoto huambiwa na babake. Niliangalia dirishani. Yeye pia aliangalia dirishani, upande wake. Kisha akasema alikuwa amepanga kuruka ile sindano ya mbele. Asingemwambia mtu. Angesema tu yuko na mafua.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Kosa langu la boksi lilikuwa na mtu wa kulishika. Hili lake halikuwa na mtu. Hakuna sista anayeweza kusoma kitu ambacho mzee amekificha ndani ya shati.

Baada ya siku 28 tulirudi. Alipoulizwa anaendeleaje, mzee akasema, "Niko sawa." Nikasafisha koo. "Daktari, hayuko sawa." Nikasoma kutoka kwa simu, macho chini: joto la usiku, kifua, uchovu, na lile jambo la kitandani nikalitaja kwa mafumbo. Mzee alitazama kalenda ukutani mwanzo hadi mwisho.

Daktari hakucheka. Alisema ni dawa inayoleta hayo, na kwamba joto hilo lina dawa za kulipunguza. Alisema mifupa hukonda mtu akikaa bila testosteroni, kwa hivyo atembee, abebe vitu vyenye uzito wa kiasi, na wataangalia kalsiamu na vitamini D. Sukari na presha zipimwe. Moyo ukiwa mzito, aseme. Hata hayo ya ndoa yanaongeleka. Kisha akamwambia, "Mzee, ukichoka na sindano, njoo tuongee. Usiiruke kimyakimya."

Sasa mimi ndiye mtunza tarehe. Ni kichekesho, kwa sababu chuo kilinishinda kwa tarehe: ya karo, ya usajili, ya mtihani. Lakini hizi sizikosi. Nasoma miligramu kabla ya kulipa. Boksi haliachwi kwa gari juani, kwa sababu dawa inatakiwa kukaa chini ya nyuzi 25. Pakiti haifunguliwi mpaka sista awe tayari. Ndani si maji, ni kijiti chembamba kinachoachwa chini ya ngozi ya tumbo, kwa hivyo hakuna kusukuma hewa itoke kama sindano zingine. Mzee angekuwa anameza dawa za kuyeyusha damu, tungesema kwanza. Akishadungwa, tunaangalia kama tumbo limevimba au kama ana kizunguzungu.

Juzi simu ililia saa tisa usiku. Baba.

"Limekuja tena," akasema.

"Umelowa?"

"Nimelowa. Mama yako amelala, sitaki kumwamsha."

Nikakaa kitandani. Hatukuongea mengi. Alisema mvua imeanza huko, nikamwambia huku bado. Tukangoja mpaka likapita.