Barabara ya Pinga

Goma hadi Sake, kama kilomita 25, safari ilikuwa mchezo. Hapo ndipo nilipokutana na chukudu: baiskeli ya mbao, haina pedali wala kiti, imebeba magunia ya makaa, na kijana amepiga goti juu yake akiteremka mlima mbio. Kwetu Bukoba tunamshangaa anayepakia mikungu mitano ya ndizi!

Baada ya Sake tulipanda, na baridi ikaanza kunitafuna. Hii ndiyo Kongo niliyoambiwa ni msitu na jasho? Masisi ni malisho ya kijani, nyua za miti, ng'ombe wanene, na jibini za mviringo zikiuzwa kando ya njia. Padri mwenyeji, niliyetumwa kumsaidia, alinunua mbili. "Huko mbele hakuna hoteli," akasema.

Tulilala Mokoto, penye maziwa manne: Ndalaga, Lukulu, Mbalukia na Mbila. Watrapisti kutoka Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri yao hapa mwaka 1954. Mimi nimekulia jirani na Kashozi, misheni ya tangu 1892. Mmisionari ninayemjua hujenga shule, hufungua zahanati, hushika fimbo ya katekisimu. Hawa walikuja kusali na kulima, basi. Sikuelewa, hadi nilipoonyeshwa mahali ambapo Mei 1996 Watutsi waliokimbilia kwa wamonaki walivamiwa na wengi wakauawa. Wamonaki nao wakalazimika kuhama. Ikiwa watu wenye hofu walikimbilia kwao, nadhani walikuwa wamehubiri vya kutosha.

Kesho yake tukapita Mweso, na mbele ya Kalembe gari likazama kwenye tope hadi mlangoni. Katekista aliyekuja kutupokea hakushtuka hata kidogo. "Mopadri, hapa tunaenda na miguu."

Tukaenda. Milima ikaisha ng'ombe, ikaanza miti; joto likarudi, nami nikavua sweta la kuazima. Katekista alitembea mbele, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni. Njiani nilimdodosa. Padri hufika kigangoni kwake mara chache kwa mwaka. Jumapili nyingine zote ni yeye: huongoza ibada, hufundisha watoto, huzika, husuluhisha ndoa, kisha hurudi shambani, maana hiyo kazi haina mshahara. Anasali kwa Kiswahili, anagombeza kwa Kihunde, anabembeleza kwa Kinyanga.

Pinga, mpakani mwa Masisi na Walikale, tuliingia jioni. Walitupa lituma, yaani ndizi zilizopondwa, na sombe, yaani kisamvu. Kabla sijanawa mikono foleni ya maungamo ilikwisha jipanga, ikaenda hadi usiku.

Mwishoni mwa 2021 waasi wa M23 walirudi vitani, na Januari 2025 wakaiteka Goma. Vita vikifunga njia, mapadri wanaweza kukwama. Makatekista wanaishi kule kule. Msomaji, parokia yako ikichangia misheni za Kivu, usichangie gari. Changia gambuti.